Kigari Kisicho na Milango

Jumatatu, tarehe 9

Na ndiyo maana nasema tatizo si baridi yenyewe. Tatizo ni milango. Kigari cha gofu hakina milango! Kina paa, kina viti viwili vya nyuma na kimoja mbele kando ya dereva, kina kioo kinachoishia kidevuni. Kwingine kote ni upepo. Kwenye usaili niliambiwa nitaendesha gari kupeleka wageni kutoka mapokezi hadi kwenye vijumba vyao. Nilirudi nyumbani narukaruka. Hakuna aliyeniambia kwamba gari lenyewe liko uchi.

Leo ni siku ya ishirini na moja tangu niolewe. Ishirini na moja! Mume wangu (naliandika tena kwa raha zangu: mume wangu) ndiye mwangalizi wa boila hapa hotelini. Kila mgeni anayeoga maji ya moto anaoga kazi ya mikono yake. Na mikono yenyewe! Ina joto kama mikate iliyotoka tanuri sasa hivi. Kila asubuhi hunishika mashavu, nami hutoka mlangoni nikiwa malkia. Nikifika mapokezi mashavu yamekuwa mawe.

Asubuhi Meneja alituita madereva wote wawili, mimi na Dada Chuma. Huyu Chuma ana miaka yake arobaini na ushei, na jina amepewa kwa sababu hajawahi kuonekana akitetemeka. Meneja akasema msimu wa baridi umeanza, na hataki kuona koti, skafu, blanketi wala pazia la nailoni kwenye kigari. Sare tu: shati jeupe la mikono mifupi, tai, suruali nyeusi. Mgeni amekuja kuvuta hewa safi ya mlimani. Akimwona dereva kajifunika gubigubi, ataanza kusikia baridi ambayo hakuwa nayo. "Baridi inaanzia machoni," akasema. Yeye mwenyewe alikuwa ndani ya koti la sufu mpaka magotini.

Halafu akatoa lile lililonigandisha mpaka kucha. Muda wetu wa majaribio unaisha Jumamosi. Mwenye hoteli atakuja, atapanda kigari cha kila mmoja, na mmoja wetu ndiye atakayefaulu.

Chumba chetu! Hapa chumba cha wanandoa hupewa mke na mume walioajiriwa wote wawili. Chetu kina dirisha, kitanda kipana, na msumari mmoja ambapo tai yangu inaning'inia juu ya ovaroli lake, kama vile vinakumbatiana. Nikishindwa, mume wangu anarudi bweni la wanaume, nami naenda kuishi kwa mama mkwe, nusu siku kwa basi. Nilihesabu siku za kutengana, nikafika saba, nikaanza kulia.

Mchana nilimbeba mzee mmoja na mkewe. Mzee akauliza kigari kina nini, mbona kinagonga ka-ka-ka-ka. Yalikuwa meno yangu. Nikasema ni breki. Jioni kigari kikapelekwa kwa fundi, akafungua breki zote nne, hakuona kitu. Ameandika kwenye daftari: "Dereva achunguzwe." Naogopa.

Jumanne, tarehe 10

Nimepata dawa! Magazeti!

Nilisoma sekondari kwamba hewa iliyonaswa hairuhusu joto kutoka. Nikachukua magazeti ya zamani ya mapokezi, nikajizungushia kifua na mgongo, nikafunga kwa lastiki, nikavaa shati juu. Joto! Mwili mzima ulishukuru. Dosari moja tu: kila nikikata kona nasikika nikikwaruza. Bibi mmoja kiti cha nyuma akaniomba kwa upole nimgawie hizo bisi ninazokula.

Saa nne yakaanguka manyunyu. Kigari hakina milango, nimeshasema. Shati jeupe likilowa huwa kama kioo. Nilifika mapokezi, nikashuka, nikamgeuzia Meneja mgongo ili nipakue mizigo ya wageni. Nikasikia anasoma, pole pole, kwa sauti ya msibani: "Umetutoka ghafla. Pengo lako halitazibika."

Nilikuwa nimejifunga ukurasa wa matangazo ya vifo! Mgongoni mwangu kulikuwa na mzee mwenye kipara, anatabasamu.

Nilitetemeka kwa hofu zaidi kuliko kwa baridi. Lakini Meneja sauti ilikuwa imemlegea. Akauliza ni nani yangu. Nikajibu, Mungu anisamehe, ni mjomba. Akasema ameelewa, watu huomboleza kwa namna nyingi, ila kesho nije bila mjomba. Akaongeza kwamba tumefanana.

Dada Chuma alikuwa nyuma yangu, amejiziba mdomo kwa tai. "Pole kwa msiba, bibi harusi," akasema, "marehemu alikuwa mtu wa kurasa ngapi?"

Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sicheki. Nimemsingizia maiti undugu. Kama hakupenda? Nimeligeuza gazeti likatazama ukutani, na bado najua yupo.

Jumatano, tarehe 11

Mchana. Nimejificha stoo ya mashuka, natamka kila neno ninaloandika ili moyo utulie.

Mpango wa leo ulikuwa hauna karatasi wala maiti. Mfuko wa mpira wa maji moto, ule wa kukanda maumivu. Mume wangu akaujaza mwenyewe kutoka boila (jinsi alivyoukaza kifuniko! kwa upendo!), nikaufunga tumboni chini ya shati. Nikatoka natembea taratibu, mkono kiunoni, kwa sababu ni mzito na unacheza.

Sikufikiria kwamba mwanamke wa siku ishirini na tatu za ndoa hapaswi kutembea hivyo.

Mama wa mashuka aliniona, akapiga kigelegele. Wapishi wakatoka. Mmoja wao ni binamu ya mume wangu, na alikuwa na simu mkononi. Nilijaribu kueleza, ila Meneja alikuwa anapita na nisingeweza kutaja mfuko. Nikatabasamu. Wakachukua tabasamu kama jibu.

Mgeni wangu wa kwanza alikuwa mama mnene mwenye mkoba wa ngozi. Njiani akaniambia alikuwa mkunga miaka thelathini na minne, sasa amestaafu, anapumzisha mgongo. Nikaongeza mwendo ili nimfikishe haraka na upepo uishe. Nikaruka tuta. Mfuko ukapasuka.

Maji ya moto yakanimwagikia mapajani! Nikapiga yowe. Yule mama akaangalia tumbo, akaangalia sakafu ya kigari, akavua koti. Kabla sijasema neno alikuwa amenilaza kwenye viti vya nyuma, ananiamuru nihesabu pumzi, anawaita watunza bustani walete maji ya moto. "Yapo tayari, mama!" nikalia, "yote yako hapa!" Akapapasa tumbo. Akaugundua mfuko. Akautoa. Akaushika juu kama alivyowashika watoto wote wa miaka yake thelathini na minne ya ukunga, akautazama.

Alicheka mpaka machozi. Akasema amezalisha mapacha, amezalisha waliotanguliza miguu, lakini mtoto wa mpira huyu ndiye wa kwanza. Aliniapia hatamwambia mtu. Mapaja yamekuwa mekundu tu, hayajatoka malengelenge. Kisha suruali iliyolowa ikapigwa na upepo, na sasa sihisi miguu kabisa.

Jioni. Mama mkwe amepiga simu. Analia kwa furaha. Nimemwambia ukweli wote, mfuko, mpira, tuta. Akasema mimba za kwanza ndivyo zilivyo, mtu hukana. Ameshaanza kufuma soksi. Chumba cha nyuma ameshakifagia, nikajifungulie kwake.

Kumbe chumba kipo tayari kunipokea! Naogopa kulala.

Alhamisi, tarehe 12

Barafu kwenye nyasi. Nyeupe, kama chumvi. Leo sina mpango wowote, nina mafua tu.

Nimeamua kumpeleleza Dada Chuma. Haiwezekani mtu wa nyama na damu akae kwenye kile kigari kutwa nzima na pua kavu. Nilimvizia nyuma ya kisima. Hana gazeti, hana mfuko. Glavu hana. Anaendesha tu, polepole, kama anayesindikiza harusi. Mpaka mtunza bustani mwenye toroli akampita.

Aliniona. Akasimamisha kigari, akanikaribisha kando yake. Nikapanda huku moyo unadunda, nikijua ni mtego. Tukaenda. Na kweli, ajabu, baridi haikuuma sana. Nikamuuliza siri yake.

Akasema hakuna siri. "Punguza mwendo, bibi harusi. Huo upepo unaokutesa hauvumi, unautengeneza wewe mwenyewe kwa mguu wako wa kulia. Kuna siku umeona jani linatikisika hapa? Ukienda mbio unaukuta. Ukienda taratibu unakupisha."

Nikamtazama usoni. Alinitazama vizuri tu, bila kupepesa. Ndipo nilipoelewa ubaya wa huyu mwanamke! Anataka niwe kobe mbele ya mwenye hoteli! Mgeni afike amechelewa, chai imepoa, chumba changu kimekwenda! Nikamwambia asante sana dada, nikashuka, nikaendesha kigari changu kwa kasi yote kiliyonayo ili ajue sikuzaliwa jana. Machozi yalinitoka kwa baridi. Hakuyaona.

Mume wangu anasema huenda Chuma yuko sahihi. Maskini, ana moyo safi, hawajui wanawake.

Ijumaa, tarehe 13

MATOFALI!

Mlangoni mwa tanuri la boila kuna matofali ya akiba, yale mazito ya kuhimili moto. Mume wangu hukaa juu ya moja akinywa chai. Ameliweka karibu na mlango wa tanuri, likashika joto, akalifunga kwa taulo mbili, nikaliweka sakafuni chini ya miguu yangu. Saa tatu nzima! Miguu ilikuwa peponi! Meneja alipita mara mbili hakuona kitu. Niliimba. Mgeni akasema ninaonekana mwenye furaha, nikamwambia nimeolewa.

Mume wangu aliponikabidhi lile tofali alisema: "Likipoa niletee, nitakupa jingine." Kuna wanawake huletewa maua. Maua yana joto gani?

Kesho ndiyo kesho. Nina mpango mkubwa zaidi, sijamwambia hata yeye. Nina hofu, lakini ni hofu nzuri, ya mtu atakayeshinda.

Jumamosi, tarehe 14

Naandika kwa penseli kwa sababu kalamu iliyeyuka.

Mpango ulikuwa huu. Mwenye hoteli ni mzee mwembamba, anatembelea fimbo, mifupa yake inamsumbua. Atakaa mbele, kando ya dereva. Je, kiti chake kikiwa na joto? Asijue linatoka wapi, aone tu kwamba kwangu ni raha na kwa Chuma ni mateso! Nikachukua matofali mawili alfajiri wakati mume wangu ameenda kuangalia mabomba. La kwanza chini ya miguu yangu. La pili nikafunua kiti, nikakuta huko chini betri zimepangwa sawasawa, zina vifuniko vyeusi tambarare, kama rafu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nikaliweka hapo. Taulo moja tu, ili joto lisicheleweshwe.

Chuma alitangulia. Alimzungusha mzee taratibu kama anabeba mayai. Mzee akashuka anatabasamu, ingawa alikuwa anapuliza viganja. Nikajua nimeshinda!

Akapanda kwangu. Nikaondoka kwa kasi. Hatua mia moja tu, akauliza, "Binti, kiti hiki kina nini?" Nikasema ni ukarimu wa hoteli yako, baba. Akacheka. Akasema goti lake la kushoto halijajisikia hivi tangu ujana wake. Meneja, aliyekaa nyuma na koti lake, akaanza kuandika. Nilikiona chumba chetu. Niliuona ule msumari.

Kisha ikaja harufu. Kama ndala inayoungua. Nikatabasamu zaidi.

Moshi ukachungulia katikati ya magoti ya mzee. Akauliza ule ni ukungu? Nikasema ni ukungu, baba, huku mlimani ndio zake. Akapapasa kiti. Akasema huu ukungu una moto.

Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Moshi nao ni hivyo hivyo. Meneja alianza kupiga kelele nisimame. Nisimame vipi? Maisha yangu yote mapya, nikiogopa nakimbilia kwa mtu mmoja. Nikakanyaga pedali mpaka mwisho, nikaelekea nyumba ya boila. Na kadiri nilivyokwenda mbio ndivyo moshi ulivyoongezeka, sijui kwa nini.

Alitoka mlangoni, akaona, hakuuliza. Akamnyanyua mwenye hoteli mikononi, mzima mzima na fimbo yake, akamweka kwenye nyasi. Ndivyo alivyonibeba siku ya harusi yetu! Mkono mmoja chini ya magoti! Katikati ya hatari yote ile nilimwonea mzee wivu. Mimi na Meneja tukaruka wenyewe. Mume wangu akarudi na ndoo mbili za mchanga, akafunua kiti, akamwaga. Ukasikika mlio wa fsss. Betri moja imevimba kama andazi. Suruali ya mwenye hoteli ina tundu la ukubwa wa sahani, mahali ambapo sitapaandika.

Meneja akauliza kwa sauti ndogo sana, matofali ya nani?

Mume wangu akajibu: "Ya boila, bwana. Ni mimi niliyeyapasha moto. Mke wangu hana kosa."

Nilitaka kusema ukweli. Nilifungua kinywa. Meno yakagonga ka-ka-ka-ka, na mwenye hoteli akageuka akamuuliza Meneja kama zile breki alizozisoma kwenye daftari la fundi zimeshatengenezwa.

Jumatatu, tarehe 16

Jana sikuandika. Tulikaa tumeshikana mikono tukisubiri kufukuzwa. Yake ilikuwa na joto. Yangu hata sijui kama ilikuwapo.

Leo tumeitwa ofisini, sisi wawili na Dada Chuma. Mwenye hoteli alikuwa amekalia mto. Niliomba moyoni, kwa nguvu zangu zote, kitu kimoja tu: chumba, chumba, chumba.

Akasema ana hoteli nyingine juu kabisa mlimani, kilomita ishirini na mbili kutoka hapa, yenye miteremko mikali na wageni wanaolia baridi kutwa. Alikuwa anatafuta dereva wa kuaminika wa huko, na ndiyo maana alikuja kutujaribu. Amempata: Dada Chuma. Anapanda cheo.

Na tangu Jumamosi, akasema, goti lake la kushoto limekuwa likilikumbuka lile tofali. Ametazama jambo hili kwa upande wake mwema. Kila kitanda cha hoteli ya juu kiwekewe tofali la moto jioni, lifungwe taulo mbili, mbali na betri. Anayeijua kazi hiyo ni mmoja. Mume wangu! Naye anapanda cheo! Anaondoka kesho, harudi mpaka msimu wa baridi uishe.

Na mimi? Meneja akasoma kwenye karatasi, kwa uchungu, kwamba hapa chini hatabaki dereva yeyote isipokuwa mimi. Kwa hiyo nabaki, chini ya uangalizi, miezi mitatu mingine. Nikauliza, na chumba? Akasema chumba ni chenu, nyote wawili bado mmeajiriwa, kanuni ni kanuni.

Niliomba chumba. Nimepewa chumba. Sikukumbuka kumtaja mtu.

Jumatano, tarehe 18

Wamekwenda jana kwa lori la mizigo la hoteli. Dereva wa lori, katikati Chuma, dirishani mume wangu. Lori lina milango! Lina vioo! Chuma alikuwa amelegea kwa joto kama paka. Kabla hawajaondoka aliinama mbele ya mume wangu, akatoa kichwa dirishani, akaniambia, "Mdogo wangu, nakuachia neno lile lile. Taratibu." Kaniachia neno, kaondoka na mume. Wivu mtupu.

Usiku kitanda ni kipana kupita kiasi. Msumari una tai peke yake. Natetemeka humu ndani, madirisha yamefungwa, na mawazo ndiyo yanayoingiza upepo. Kama akizoea huko? Kama ataanza kunisahau kuanzia vidole?

Leo amepiga simu. Anasema jana jioni aliwapashia wageni matofali arobaini na kila moja lilimkumbusha mimi. Arobaini! Anasema nivumilie, baridi itaisha, asinisikie nimefanya jambo la ajabu. Nikamwahidi. Soksi za mama mkwe nazo zimefika, jozi nne, za sufu, kila moja inamtosha mtoto mchanga au kidole gumba changu.

Ndipo nikaona njia!

Kigari kikichajiwa kikajaa kinakwenda kilomita thelathini. Hoteli ya juu ni ishirini na mbili. Betri mpya imefika. Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 26, ni siku yangu ya mapumziko. Nimeshamwambia fundi kwamba breki bado zinagonga na zinahitaji kujaribiwa kwenye mlima mrefu. Akasema hata yeye zilimtia wasiwasi. Vidole gumba viwili vitavaa soksi, magazeti nitajifunga ukurasa wa michezo, hakuna anayekufa huko. Matofali nimechagua sita. Kosa la Jumamosi nimelijua vizuri: moja chini ya kiti lilikuwa dogo, likazidiwa na upepo. Na nitakwenda kwa kasi yote, kuanzia getini mpaka juu, nifike kabla baridi haijanishtukia.

Mume wangu, mikate yangu ya moto, acha mlango wazi. Mwezi huu hautaisha sijafika. Ukisikia breki zinagonga kwenye kona ya mwisho, ka-ka-ka-ka, toka na ndoo ya mchanga. Ni mimi.